Vitz haina deni kwa Pijo

Ukitaka kuwasha ubishi usiokwisha katika baraza lolote la wazee hapa Mombasa, acha siasa na acha kandanda. Sema tu kwamba Toyota Vitz ni gari bora kuliko Peugeot 504. Kahawa itamwagika. Utaambiwa wewe mtoto wa juzi, magari utayajulia wapi. Utasimuliwa jinsi Pijo ilivyokuwa ikipita Tsavo kwenye matope ya masika, jinsi ilivyobeba maharusi, majeneza, mbuzi na magunia ya nazi, na kesho yake ikawaka kwa mzunguko wa kwanza wa ufunguo. Kisha mmoja wao ataelekeza kidevu kwenye kigari cheupe kilichoegeshwa mbele ya duka na kuuliza: "Na hiki nacho ni gari?"

Mimi nasema ni gari. Tena kwa karibu kila kipimo ambacho msafiri wa kawaida ana haki ya kukijali, kigari hicho kinaishinda Pijo. Kuna mahali pamoja tu ambapo mzee wa Kifaransa bado anaongoza, napo si kwenye bati wala kwenye injini. Nitafika huko.

Lakini heshima itangulie. Peugeot 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na ikatawazwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya kwa mwaka 1969. Anayelijua hasahau: taa za mbele zilizokatwa pembe, buti lililoinama kwa nyuma, viti vinavyommeza mtu, springi ndefu zinazopokea shimo bila kukurusha kichwa darini. Injini yake, iliyofika 1,971 cc baada ya kuongezwa ukubwa, ililazwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti likae chini. Ndani yake pistoni zilipanda na kushuka katika slivu zinazong'oka moja moja, zikizungukwa na maji ya kupozea.

Suala la slivu lataka tusimame kidogo, maana nusu ya sifa za Pijo zimo humo. Katika injini nyingi silinda ikilika, bloku nzima hupelekwa kwenye mashine ikachongwe. Kwa Pijo fundi alifungua kichwa cha injini, akang'oa slivu kuukuu, akapachika mpya pamoja na pistoni yake, akabadilisha gasketi za kuzuia maji, akafunga. Kazi hiyo iliweza kufanyika chini ya mwembe, kwenye turubai, mwenye gari akiwa ameketi pembeni kwenye ndoo akisubiri. Gari lililohesabiwa kuwa limekufa Ijumaa liliweza kuonekana sokoni wiki iliyofuata likiwa limebeba ndizi. Watu waliona muujiza, wakasema chuma cha Mfaransa hakifi.

Halafu Pijo ilikuwa yetu kwa namna ambayo Vitz haijawahi kuwa. Iliunganishwa hapa hapa Mombasa, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers kule Miritini, hadi mwaka 2004. Wanaijeria nao waliiunganisha Kaduna. Ile ya familia yenye safu tatu za viti ndiyo iliyokuwa teksi ya masafa marefu, na ile ya pikapu ndiyo ambayo hadi leo utaikuta kijijini ikibeba majani ya ng'ombe, mlango mmoja ukiwa umefungwa kwa waya.

Na kuna Safari Rally. Peugeot ilishinda kwa 404 mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, mara mbili kati ya hizo usukani ukiwa mikononi mwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania. Ikaja 504: mwaka 1975 kwa Ove Andersson wa Uswidi, na mwaka 1978 kwa Mfaransa Jean-Pierre Nicolas. Ukifika hapa wazee hunyamaza kidogo, wakikungoja ujibu.

Jibu lipo, na anayelitoa ni huyo huyo Andersson. Yeye ndiye aliyejenga timu ya Toyota barani Ulaya, na timu hiyo ndiyo iliyokuja kuitawala Safari kwa Celica katika miaka ya 1980. Mshindi wa Pijo ndiye aliyeifungulia Toyota mlango wa Safari. Tusonge mbele hadi 2021, mashindano ya dunia yaliporudi Kenya, safari hii Naivasha. Kuanzia mwaka huo hadi 2025 gari la aina moja lilishinda Safari mara tano mfululizo. Sébastien Ogier alishinda mara mbili, Kalle Rovanperä mara mbili, Elfyn Evans mara moja, wote wakiendesha Toyota Yaris. Na Yaris ni nani? Vitz ilipotoka Japani mwaka 1999 ikapelekwa Ulaya, huko iliitwa Yaris. Ikanyakua taji lile lile la Gari Bora la Mwaka barani Ulaya, mwaka 2000. Kwa hiyo kwenye kabati la makombe hakuna cha kudharauliana.

Najua mtakalosema: Yaris ya mashindano ina turbo, huvuta kwa magurudumu manne, na kile kigari cheupe cha mbele ya duka kimechangia nayo jina tu. Sawa kabisa. Lakini hata 504 ya Nicolas ilikuwa kupe yenye injini ya V6, na sijapata kukutana na mtu aliyeipanda kutoka Malindi akiwa amepakatishwa kuku wa mwenzake.

Twende kwenye gari halisi, lile ambalo mshahara wa kawaida unaliweza. Vitz ya kwanza ina urefu wa mita 3.6 hivi, wakati 504 ya saluni inakaribia mita 4.5. Pijo ina uzito wa takriban kilo 1,200, Vitz haifiki tani moja. Ila sikiliza hili: injini ya Vitz ya 1,298 cc hutoa nguvu za farasi 87 hivi, na ile kubwa ya Pijo ya 1,971 cc, yenye kabureta, hutoa tisini na kitu. Yaani theluthi moja ya ujazo imeondolewa na nguvu imebaki karibu pale pale, kwenye mwili mwepesi zaidi. Huo si uchawi wa Wajapani. Ni kompyuta inayopima hewa na petroli mara nyingi kwa kila sekunde, na vali zinazobadilisha wakati wa kufunguka kulingana na mwendo. Kabureta ilikuwa ikikisia tu.

Kukisia huko tulikuwa tunakulipia. Pijo iliyotunzwa vizuri hunywa kama lita 10 kwa kilomita 100, na iliyochoka hunywa zaidi. Vitz ya 1,000 cc hunywa lita 6 hivi. Kutoka Mombasa hadi Nairobi, kilomita mia nne na themanini na kitu, tofauti ni karibu lita 20 kwenda peke yake. Kwa bei ya petroli ya leo hizo ni pesa za chakula cha nyumba kwa siku kadhaa. Mzee anayesifu Pijo barazani mara nyingi alikuwa akijaziwa tangi na serikali au na kampuni, na hilo hulitaja mara chache.

Jambo ninalotaka kulisema kwa sauti zaidi ni usalama, kwa sababu hapo ndipo mapenzi ya magari ya zamani yanapogeuka hatari. Hoja yao ni bati. Pijo ukiigonga kwa ngumi vidole vinauma, Vitz ukiiegemea inabonyea, basi wanahitimisha kwamba penye ajali Pijo ndiyo ngome. Mwaka 2009 taasisi ya IIHS ya Marekani, inayogharamiwa na kampuni za bima, ilitimiza miaka 50, ikaamua kuijibu hoja hiyo kwa vitendo. Ilichukua Chevrolet Bel Air ya 1959, pande la chuma, ikaligonganisha uso kwa uso na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja likienda kilomita 64 kwa saa. Sehemu ya dereva ya Bel Air ilisambaratika; mwanasesere aliyekuwa kwenye usukani angekuwa marehemu. Yule wa Malibu angetoka na jeraha la mguu.

Kwa nini? Kwa sababu nguvu za mgongano lazima ziende mahali. Gari la kisasa limebuniwa pua yake ijikunje ili imalize nguvu hizo kabla hazijafika kwenye kiti, na kile chumba cha abiria kimeimarishwa kisijikunje. Bati linalobonyea kwa mbele ndilo lililokuwa na kazi ya kubonyea. Halafu yapo mambo ambayo 504 ya mwaka 1968 haikuwa nayo: mifuko ya hewa, mikanda inayojikaza yenyewe kwa sekunde ile ya ajali, breki zisizokamata magurudumu hata ukizikanyaga kwa hofu. Yaris ya mwaka 2005, ambayo ni Vitz ya kizazi cha pili, ilipata nyota zote tano katika majaribio ya Euro NCAP. Majaribio hayo yalianza 1997, kwa hiyo 504 haikuyapitia, na sidhani mashabiki wake wangependa kuyatazama.

Naongeza neno moja kwa wenye Vitz, wasije wakavimba vichwa. Ile taa nyekundu ya mfuko wa hewa iliyozibwa kwa kipande cha selotepu kwenye dashibodi maana yake ni kwamba nyota tano zimebaki Ulaya.

Sasa kwa nini dharau? Vitz imekuwa kichekesho cha Kenya nzima. Tanzania wenzetu wana "bebi woka". Huku kwetu ni "ka-Vitz", na mara nyingi linafuata "ka kina mama". Nimeusikiliza mzaha huo muda mrefu, na naona haulengi gari. Zamani za Pijo, aliyekuwa na gari alikuwa bwana mkubwa: mkuu wa wilaya, daktari, mfanyabiashara, mwalimu mkuu wa shule yenye jina. Sisi wengine tulikuwa abiria, tena abiria wa nyuma kabisa, magoti yakigusa kidevu. Vitz, pamoja na wenzake akina Passo, Demio na IST, ndiyo iliyompa funguo muuguzi wa zamu ya usiku, mwalimu wa chekechea, kijana anayeendesha teksi ya simu. Uber walipoanzisha huduma yao ya bei nafuu ya Chap Chap nchini Kenya mwaka 2018, waliijenga juu ya vigari vidogo, na hesabu yao ilikuwa petroli. Gari lilipoacha kuwa cheo, wenye cheo wakaanza kulicheka.

Nilishuhudia mabishano ya namna hiyo kwenye foleni ya feri ya Likoni. Mzee mmoja wa Pijo ya krimu, iliyong'arishwa hadi unajiona, aliinamia dirisha la Vitz iliyokuwa mbele yake. "Binti yangu, hiki kitakufikisha Voi kweli?"

"Shikamoo, baba. Voi nilikwenda juzi na nikarudi," alijibu yule dada bila kuzima redio. "La kwako nasikia linasukumwa kupanda feri."

Lilikuwa linasukumwa kweli. Vijana watatu walikuwa nyuma yake, mikono kwenye buti.

Pijo tunazoziona leo zinatudanganya pia kwa njia nyingine. Zilizobaki ni zile zilizopata mwenye mapenzi na pesa. Zilizokufa hazimo barabarani kututolea ushahidi. Zilikwisha kuwa chuma chakavu, zikayeyushwa, pengine zimo kwenye nondo za nyumba unayokaa. Ukiona moja inapita, usihesabu kwamba zote zingepita. Na kuitunza leo si kazi ya mtu wa kima cha chini. Nenda Nairobi kwenye Concours d'Elegance, mashindano ya magari maridadi yaliyoanza 1970 ambayo huandaliwa kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, uone jinsi majaji wanavyopekua hadi chini ya zulia. Ni raha tupu, siibezi. Lakini mwenye gari la kukaguliwa hivyo huwa ana jingine la kumpeleka kazini, na nisingeshangaa likiwa Toyota.

Hapo ndipo niliposema nitafika: mahali ambapo Pijo inashinda. Inashinda kwa watu wake. Fundi wa Pijo alilijua gari lake lote, kuanzia kabureta hadi difu, kwa sababu lote lilifunguka mbele ya macho yake, na kwa sababu kulikuwa na kiwanda karibu, spea zenye jina na vijana waliotoka kiwandani humo wakafungua gereji zao. Tulipotoa sifa kwa chuma cha Mfaransa, sehemu kubwa ilikuwa stahili ya hao mafundi.

Vitz ilikuja bila watu. Ilishuka melini Kilindini ikiwa imetumika miaka saba, kitabu chake cha matunzo kikiwa Kijapani, redio yake ikikomea masafa ya Japani hata stesheni nyingi za kwetu isizinase mpaka ifungiwe kifaa cha ziada. Zipo ambazo ukiwasha tu sauti ya kike inakusalimu kwa Kijapani na kukukumbusha kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara kuu za Japani. Watu huishi na sauti hiyo miaka mitano bila kujua inadai nini.

Kadi haina madhara. Mafuta ya gia yana madhara. Vitz nyingi za kizazi cha pili na cha tatu zina gia ya CVT, ambayo haina meno ya kubadilishana kama gia tuliyoizoea. Ni mkanda wa chuma unaozunguka kati ya kapi mbili, nazo kapi hutanuka na kubana ili kubadili mwendo. Mkanda huo hushika kwa sababu mafuta yaliyomo yametengenezwa kwa ajili yake. Yawe mengine, unateleza, na ukiteleza unajisaga. Shemeji yangu aliipeleka ya kwake gereji moja ya mjini kufanyiwa sevisi. Wakamwaga mafuta ya CVT, wakatia mafuta mekundu ya gia za otomatiki za kawaida, wakamwandikia risiti. Haukupita muda gia ikaanza kulia kama mbwa aliyefungiwa nje.

Aliyetuonyesha kilichotokea ni fundi wa Magongo, kijana asiyefika miaka thelathini. Aliishusha sahani ya chini ya gia na kutuwekea juani. Ndani mna sumaku ndogo za kunasa vumbi la chuma. Kawaida hushika utando mwembamba wa kijivu. Hizi zilikuwa zimeota manyoya ya chuma, mazito, yanang'aa. Akayafuta kwa kidole, akatunyooshea.

"Hii haikufa, mdosi," alisema. "Imeuliwa."

Kijana huyo alijifunza CVT kwa video za simu na kwa kuharibu gia mbili za kununua mwenyewe kwenye spea kuukuu. Ana mashine ya kusoma hitilafu aliyoiagiza kwa mkopo. Ukutani amebandika karatasi, kila aina ya gari na mafuta yake, kwa mwandiko wa mkono. Karatasi ile ingepaswa kuwa katika kila gereji kuanzia Vanga hadi Lamu, na ni aibu kwamba anayeijua ameijua kwa hasara yake mwenyewe. Wanaoingiza magari haya kwa maelfu wangeweza kuitafsiri na kuichapisha kwa gharama isiyofika bei ya tairi nne. Vyuo vya ufundi vingeweza kununua gia chakavu za CVT zilizojaa kwenye madampo ya spea, wanafunzi wakazifungua hadi wakachoka. Fundi wa Pijo hakuzaliwa akijua slivu, kuna aliyemwonyesha.

Wengine wanataka dawa iwe kuunganisha vigari vidogo hapa hapa, kama zamani za Miritini. Imejaribiwa. Volkswagen walianza kuunganisha Polo Vivo huko Thika mwishoni mwa 2016, Peugeot wenyewe wakarudi Thika mwaka uliofuata. Gari jipya la Thika linauzwa kwa bei ambayo mwalimu akiisikia anarudi kwenye yadi za mitumba. Sioni hilo likibadilika karibuni, na sitaki muuguzi wetu apokonywe usafiri ili kiwanda kipate wateja.

Kwa hiyo tutabaki na hizi zilizopo, na wakati hautusubiri. Toyota iliacha jina la Vitz huko Japani mwaka 2020. Tangu hapo huko nako gari hilo linaitwa Yaris. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita miaka minane, na sheria ikibaki ilivyo, 2027 ndio mwaka wa mwisho wa Vitz hizi za Japani kushushwa Kilindini. Tanzania hawana katazo hilo, ila kodi ya uchakavu huongeza bei ya gari kuukuu. Uganda imefunga mlango kwa yaliyopita miaka 15. Baada ya 2027 Vitz hizo zitakazokuwa barabarani kwetu zitakuwa zile ambazo tayari ziko mikononi mwetu, na idadi yake mwaka 2040 itaamuliwa na mtu aliyelala chini ya gari akiwa ameshika galoni la mafuta, ikiwa anaweza kusoma kilichoandikwa juu yake.